Banda Limeoshwa, Lakini Je, Ni Safi?

Huenda ukashangaa kumwona daktari wa watu akiandika juu ya banda la kuku. Hata mimi sikutarajia. Lakini mapema mwaka huu mwalimu mmoja mstaafu anayeishi nje kidogo ya mji wa Kitui aliniletea mjukuu wake wa kike, mwenye umri wa miaka miwili, akiwa amelegea kabisa. Macho yalikuwa yameingia ndani, homa ilikuwa kali, na choo chake kilikuwa cha maji, chenye makamasi na damu kidogo. Tulimpima malaria, hakuwa nayo. Tulimrudishia maji mwilini, kwanza kwa mshipa, halafu kwa kikombe na kijiko, na siku ya tatu akaomba uji.

Babu yake aliponishukuru nilimuuliza, kama ilivyo desturi yangu, nyumbani wanafuga nini.

"Daktari, mwaka jana nilikuwa na kuku mia tatu," alisema. "Sasa nina banda."

Kisa chake kilikuwa hivi. Sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake alikuwa ameitia katika kuku wa mayai. Kundi la kwanza lilipofika wakati wa kutaga likaanza kuzubaa, vilemba vikapauka, kinyesi kikawa cha manjano na kijani, na kila asubuhi akawa anaokota mizoga. Daktari wa mifugo alimpasua kuku mmoja akamwambia ni homa ya matumbo ya kuku. Wengi walizikwa. Wale waliosalia wakiwa na nguvu, na hili Mwalimu alilisema akitazama chini, walipelekwa sokoni. Halafu akafagia banda, akaliosha, akanunua dawa ya kuua viini, akanyunyiza kila mahali, akaliacha tupu kwa majuma mawili kama alivyoshauriwa. Akaleta vifaranga mia mbili. Kabla mwezi haujaisha, nao wakaanza kufa.

"Lakini niliosha, Daktari. Nilinyunyiza dawa mpaka macho yakaniwasha."

Nikamuuliza: baada ya kuosha na kunyunyiza, ni nani aliyekagua? Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza upuuzi. Kukagua nini, wakati banda lilikuwa linang'aa?

Hapo ndipo wafugaji wengi wanapokwama, wa Kitui na wa Makueni, na hata wewe uliye na kuku hamsini nyuma ya nyumba huko Ruai au Kitengela. Kuosha tunakujua. Dawa tunazinunua. Lakini kuthibitisha kwamba kazi imefanyika, karibu hakuna anayefanya. Na pasipo uthibitisho Mwalimu hawezi hata kujua ni nani wa kulaumiwa, kwa maana ugonjwa huo wa kuku unaweza pia kupita kutoka kwa mama kwenda kwa kifaranga kupitia yai. Je, vifaranga wake waliukuta bandani, au walikuja nao kutoka kwa aliyewauza? Angekuwa na majibu ya maabara kuonyesha kwamba banda lilikuwa safi siku waliyoingia, angekuwa na neno la kusema.

KIJIDUDU CHENYE JINA LA DAKTARI WA MIFUGO

Kijidudu tunachokizungumzia ni salmonela. Kimepewa jina la Daniel Salmon, daktari wa mifugo wa Marekani, ingawa aliyekitambua mwaka 1885 ni msaidizi wake, Theobald Smith. (Mkubwa wa kazi akachukua sifa, mambo haya hayakuanza leo.) Koo zake zinazojulikana ni zaidi ya 2,500, na hapa ndipo wagonjwa wangu wengi wanapochanganyikiwa.

Ukoo unaoleta homa ya matumbo kwa binadamu, ile tunayoiita taifodi, hukaa ndani ya binadamu peke yake. Hutoka chooni kwa mtu mmoja ukaingia kinywani kwa mwingine kupitia maji, chakula na mikono. Kuku hana taifodi hiyo. Nao ukoo uliowaua kuku wa Mwalimu ni wa kuku, na ni nadra mno kumdhuru mtu. Majina tu ndiyo yanayofanana. Katikati ya hao kuna koo nyingine, hasa zile mbili ziitwazo Enteritidis na Typhimurium, ambazo kuku anaweza kuzibeba tumboni bila kuonyesha dalili yoyote, akatembea, akala, akataga. Mtu akila yai bichi au nyama isiyoiva vizuri, au akishika kinyesi kisha akala bila kunawa, anaweza kuanza kuhara baada ya saa sita mpaka siku tatu hivi.

Mtu mzima mwenye afya hupona kwa siku nne hadi saba, mara nyingi bila dawa yoyote ila maji mengi. Kwa mtoto mchanga, mzee, mwenye virusi vya Ukimwi au mwenye ugonjwa wa selimundu, mambo ni mengine. Katika nchi zetu za Afrika koo hizi zina tabia mbaya ya kuingia katika damu ya watoto wadogo, hasa waliodhoofishwa na malaria au utapiamlo, na hapo zinaua.

Sitaki, hata hivyo, msomaji achinje kuku wake wote kwa hofu. Watafiti wa taasisi ya KEMRI wakiongozwa na Samuel Kariuki walilinganisha viini vilivyotoka kwa watoto wagonjwa hapa Kenya na vile vilivyotoka kwa wanyama waliokuwa karibu nao. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2006 yalionyesha kwamba havikufanana sana, na kwamba huenda maambukizi hayo ya damu hutoka zaidi kwa mtu hadi mtu. Kwa hiyo si kila mtoto anayehara ameambukizwa na kuku. Lakini kuhara kunakotokana na mayai na nyama ya kuku kupo, na kumewahi kutikisa hata serikali. Desemba mwaka 1988 waziri mdogo wa afya wa Uingereza, Edwina Currie, alisema kwamba sehemu kubwa ya mayai ya nchi hiyo ilikuwa na salmonela. Mauzo ya mayai yalianguka, wafugaji wakachachamaa, na katika muda usiofika majuma mawili mama huyo akajiuzulu. Alikuwa ametia chumvi, lakini tatizo lilikuwepo kweli. Wenzetu wale walianza kuchanja kuku na kukaza usafi wa mabanda, na ni mwaka 2017 tu ndipo mamlaka yao ya chakula iliposema kwamba mayai yenye alama yao ya simba yanaweza kuliwa yakiwa laini hata na wajawazito na watoto wachanga. Hapa kwetu hatujafika huko. Yai lako lichemshe mpaka kiini kigande.

DAWA HAIPENYI KINYESI

Nilimuuliza Mwalimu alitumia maji kiasi gani. Mitungi miwili ya lita ishirini, alijibu, kwa banda la kuku mia tatu.

Asiyejua Kitui atamcheka. Anayejua hatamcheka. Mito yetu mingi ni ya mchanga, maji yanafukuliwa kwa mikono na kupakiwa juu ya punda, na ijapokuwa mabwawa ya mchanga yaliyojengwa tangu miaka ya tisini yameokoa vijiji vingi, katika foleni ya maji kuna watu, kuna ng'ombe, kuna mbuzi, na banda la kuku linasimama mwisho. Basi mtu hufanya nini? Hupunguza maji na kuongeza dawa. Aliyemuuzia Mwalimu dawa hiyo alimhakikishia kwamba inaua kila kitu.

Haiui kila kitu. Dawa nyingi za kuua viini, na ya klorini ikiwa ya kwanza, hupoteza nguvu zinapokutana na kinyesi. Klorini haichagui. Inashambulia kinyesi kama inavyoshambulia kijidudu, na kinyesi kikiwa kingi, klorini inakwisha kabla ya kumfikia adui. Kuna dawa nyingine ambazo nguvu zake huuawa na mabaki ya sabuni ambayo haikusuuzwa. Kuna ambazo hufanya kazi vibaya katika maji magumu, na visima vingi virefu vya huku kwetu vina maji ya chumvi, jambo ambalo kibandiko cha chupa iliyotengenezwa ng'ambo hakilijui. Ukiweza, maji ya kuchanganyia dawa yawe ya mvua.

Kazi kubwa inafanywa na koleo, kwangua na brashi. Toa matandiko yote na ukwangue banda likiwa kavu, huku umefunga pua na mdomo, na kwanza nyunyiza maji kidogo tu ili vumbi lisiruke. Kila debe la kinyesi unalolitoa kwa koleo ni maji ambayo hutayahitaji. Kisha lowesha sakafu na kuta kwa maji ya sabuni jioni na uziache usiku kucha. Asubuhi uchafu utakuwa umelegea na maji machache yatakutosha. Sugua, suuza, acha pakauke. Jua la Ukambani ni mali, lifungulie milango. Dawa inakuja baada ya hapo, na inakuja kumalizia tu.

Na yale majuma mawili ya kuliacha banda tupu? Ni mazuri, lakini hayatoshi peke yake. Watafiti wawili wa Uingereza, Davies na Wray, walionyesha katika miaka ya tisini kwamba salmonela aina ya Enteritidis iliweza kuishi kwa mwaka mzima ndani ya banda tupu lililokuwa limekaliwa na kuku wagonjwa. Banda lililopumzika juu ya uchafu wake linabaki na uchafu wake.

TULIVYOKAGUA

Jumamosi moja nilikwenda kwa Mwalimu pamoja na afisa wa mifugo. Nilibeba tochi, vipande vya kitambaa cheupe na kijiko cha chai. Banda lilikuwa kweli linapendeza kwa macho, sakafu ya saruji, kuta za matofali nusu, waya juu yake na mabati. Lilikuwa halijawa na kuku kwa majuma kadhaa, na Mwalimu alikuwa ameliosha na kulinyunyiza kwa mara ya pili.

Tochi haimulikwi moja kwa moja. Inalazwa kando ya ukuta au sakafu, ili kila gamba na kila kijidonge kitoe kivuli chake. Tena unakagua pakiwa pamekauka, kwa sababu saruji yenye maji hung'aa na kuficha mengi. Tulianzia juu, maana uchafu wa juu huanguka chini. Juu ya boriti kulikuwa na vumbi la manyoya lenye unene wa ukucha, ambalo lisingefikiwa na dawa wala ufagio.

Tukaja kwenye fito za kulalia. Upande wa juu zilikuwa safi. Nilipopitisha kijiko upande wa chini, liliporomoka gamba gumu la kinyesi cha kundi la kwanza. Afisa wa mifugo akapanua kwa kisu mahali ufito ulipoungana na nguzo, na wakatoka utitiri, wadogo kama vumbi, wengine wekundu. Wadudu hawa hunyonya damu ya kuku usiku na kujificha mchana, wanaweza kukaa miezi bila kula, na wanaweza kubeba salmonela. Mwalimu alikaa kimya.

Vinyweo vilikuwa vimepangwa juani, vyeupe kabisa. Lakini ukingo wa ndani, pale kidole kisipofika kwa urahisi, ulikuwa na utelezi. Kitambaa cheupe kilichoingizwa humo kilitoka na rangi ya chai. Mtihani huu ni rahisi na kila mtu anaweza kuufanya: lowesha kitambaa kwa maji safi, sugua eneo lenye ukubwa wa kiganja, tazama. Kikitoka kichafu, usipoteze pesa kwa dawa, rudi kwenye sabuni. Kwa vyombo vya bati, mwagia maji safi. Yakitandaa sawasawa ni vyema, yakijikusanya matone matone bado kuna mafuta yaliyoshika uchafu.

Sakafuni palikuwa na ufa mrefu karibu na mlango, na tundu la kupitishia maji. Pale nilitaka tukae muda mrefu zaidi. Uchunguzi uliofanywa Ubelgiji katika mabanda ya kuku wa nyama, makubwa na ya kisasa kuliko ya Mwalimu, ulionyesha kwamba sehemu zinazobaki na viini vingi hata baada ya kuosha na kutia dawa ni matundu ya maji, nyufa za sakafu na vikombe vya kunyweshea kuku. Wenye mitambo ya kuosha kwa shinikizo wanashindwa mahali pale pale anaposhindwa mwenye ufagio.

Nyuma ya magunia ya chakula, katika chumba kidogo cha pembeni, tulikuta kinyesi cha panya. Wale watafiti wawili wa Uingereza walipata pia kwamba panya walikuwa wabebaji wa salmonela katika mabanda yaliyokuwa hayaponi. Ukiosha sakafu usiku panya akarudi kutembea juu yake, umemtandikia kitanda.

Kisha tukatoka nje, na ndipo nikaona kile ambacho mimi kama daktari wa watu nilikuwa nikikitafuta. Karibu na bomba palikuwa na karai moja la plastiki, la bluu. Nikauliza la nini. Ni la kuoshea vinyweo vya kuku, akasema mkewe. Na vyombo vya nyumbani mnaoshea wapi, mama? Akalitazama lile karai, akanitazama. Mjukuu wao alikuwa akilitumia pia kuogeshea mwanasesere wake.

KUPELEKA SAMPULI MAABARA

Jicho, tochi na kitambaa vinaona uchafu. Kijidudu havikioni. Afisa wa mifugo alichukua vipande vya shashi vilivyotakaswa, vilivyoloweshwa kwa maji maalumu yanayovunja nguvu za dawa. Jambo hilo la mwisho ni muhimu sana. Ikiwa mabaki ya dawa yatasafiri ndani ya shashi, yataendelea kuua viini njiani na hata ndani ya sahani ya maabara, na utaletewa majibu matamu ya uongo. Alisugua sehemu nane, na hakuchagua zile zinazong'aa. Alichagua ukingo wa kinyweo, ufa, tundu la maji, chini ya fito, kisanduku cha kutagia, boriti, koleo, na akaongeza kile kinyesi cha panya. Kila sampuli ilifungwa peke yake, ikaandikwa mahali ilipotoka, ikawekwa katika kisanduku chenye barafu, na siku iliyopangwa ikasafiri kwenda maabara ya mifugo ya Kabete, jijini Nairobi. Sampuli zisichukuliwe Ijumaa jioni zikakaa garini mpaka Jumatatu.

Maabara inaweza kukupa majibu ya aina mbili. La kwanza ni hesabu ya bakteria wote walioota kwenye sahani. Hesabu hiyo haitakuwa sufuri, na usiogope. Banda halikusudiwi kuwa chumba cha upasuaji. Unachotafuta ni kushuka kwake: linganisha sampuli ya kabla ya dawa na ya baada ya dawa, na linganisha sehemu na sehemu, ili ujue ufagio wako umeruka wapi. La pili ni kama salmonela ipo au haipo. Hili huchukua siku kadhaa kwa sababu viini vichache vilivyodhoofishwa na dawa hulazimika kulishwa kwanza ndipo vionekane. Hapa hakuna kujadiliana. Sampuli moja ikiwa nayo, vifaranga wasubiri.

Jibu la "haipo" nalo lisikulevye. Shashi nane hazikugusa sakafu nzima. Ndiyo maana ni heri sampuli nyingi kutoka sehemu zinazoshukiwa kuliko moja kutoka katikati ya sakafu.

Wasomaji waliosafiri huenda wameona kifaa kidogo cha mkononi kinachotumika katika machinjio na hospitali za ng'ambo. Unasugua pamba, unaiingiza, na katika muda usiozidi dakika moja hivi kinakupa namba. Kinatumia kimeng'enya cha kimulimuli, yule mdudu anayewaka usiku, ambacho hutoa mwanga kinapokutana na kemikali iliyomo katika kila chembe hai. Mwanga mwingi, uchafu mwingi. Ni kifaa kizuri cha kuchunguza uoshaji, lakini hakijui tofauti kati ya salmonela na mabaki ya chakula cha kuku. Mfugaji wa kuku mia tatu asiuze mbuzi ili akinunue.

Majibu ya Mwalimu yalirudi juma lililofuata. Salmonela ilipatikana katika sampuli tatu kati ya nane: kinyweo, ufa wa sakafu na kinyesi cha panya. Maabara haikutaja ukoo. Choo cha mjukuu tulikuwa tumekiotesha alipolazwa, lakini alikuwa amekwisha kupewa dawa za dukani kabla ya kuletwa kwangu, na hakikuota kitu. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kilichomwangusha mtoto kilitoka bandani. Kuhusu lile karai, nilichoweza kusema nilikisema.

DAWA ZENYEWE ZISIKUDHURU

Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu nimewahi kumhudumia kijana aliyebebwa kutoka banda la kuku akiwa hawezi kupumua vizuri. Usinyunyize dawa ya klorini katika banda ambalo bado linanuka ile harufu kali ya mkojo na kinyesi cha kuku. Harufu hiyo ni amonia, na klorini ikikutana na amonia hutoa hewa inayounguza mapafu. Usichanganye klorini na tindikali yoyote, wala na dawa nyingine ya kusafishia. Harufu ya amonia ikiwepo ni dalili kwamba hujamaliza kuosha.

Kwa mwenye ile dawa ya klorini ya kufulia nguo yenye nguvu ya asilimia 3.5, ambayo wengi huiita Jik, kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo sita vya maji kinatoa nguvu ya asilimia 0.5, ambayo ni kali ya kutosha kwa sakafu iliyokwisha kuoshwa. Changanya siku ile ile ya kutumia, kwa maji baridi, na uvae glavu. Inakula bati, kwa hiyo suuza vyombo vya chuma baadaye.

Kuna wanaofukiza mabanda kwa fomalini. Mimi siwashauri watu wa kawaida. Mwaka 2004 hewa yake iliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, na banda la nyuma ya nyumba liko hatua chache kutoka dirisha la chumba cha watoto.

Tena ujue kwamba vijidudu vinavyowapa vifaranga kuhara damu, yaani koksidia, havishtuki mbele ya klorini. Hivyo hushindwa kwa kukwangua, kwa ukavu na kwa moto.

KWA ANAYENUNUA MJINI

Kuku wengi wa kienyeji wanaoliwa Nairobi na Mombasa hutoka Ukambani, wakisafiri katika matenga na makreti juu ya mabasi. Kreti linalorudi kutoka sokoni ni sehemu ya banda, na linahitaji sabuni, dawa na kitambaa cheupe kama sakafu. Likirudishwa bandani bila kuoshwa, mfugaji ameleta nyumbani kinyesi cha kuku wa watu kumi.

Nawe unayempokea kuku, usimwoshe mbichi chini ya bomba lenye nguvu. Matone hurukia vyombo na kachumbari. Ubao wa kukatia nyama mbichi uwe wake peke yake. Mpike mpaka maji yanayotoka karibu na mfupa yasiwe na wekundu. Mtoto akihara, mpe maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa vizuri, au paketi za kituo cha afya pamoja na tembe za zinki, na ukiona damu chooni, homa kali au macho yaliyoingia ndani, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usimnunulie dawa za viuavijasumu dukani kwa kubahatisha. Zinaficha majibu, kama zilivyotufichia sisi, na zinafundisha vijidudu ukaidi.

Mwalimu alianza upya. Aliziba ufa kwa saruji, akabadilisha fito, akanunua mitego ya panya na kuhamisha chakula kwenye pipa lenye kifuniko. Alitumia mitungi kumi na minne ya maji na siku nne za jua. Sampuli za mara ya pili zilikuwa kumi, na zote zilirudi bila salmonela. Yale majibu ameyahifadhi katika faili pamoja na risiti ya vifaranga hamsini alioagiza badala ya mia mbili, na aliyemuuzia alitakiwa kuandika kwa mkono wake kundi la kuku walikotoka. Karai jipya la kuku ni jekundu, linaning'inia msumarini nje ya banda, na mjukuu hajaruhusiwa kuligusa.